Mali Bila Daftari: Historia ya Fedha za Vyama Vyetu katika Bonde la Ufa



Kila mwaka taarifa ya chama inapotolewa, kurasa zinazosomwa kwanza ni zile zenye majina ya watu: nani amechaguliwa, nani ametutoka, mtoto wa nani amelipiwa karo. Kurasa za hesabu husomwa mwisho, na wako wasiozisoma kabisa. Makala haya yameandikwa ili kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kurasa hizo za mwisho ndizo zinazowezesha hizo za kwanza kuandikwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Yafaa tuyatazame maneno hayo vizuri. Hawakusema kwamba mali hiyo itaibwa. Walisema itakwisha, wala hapatakuwa na mtu wa kueleza ilikwishaje. Mwizi hupatikana na kushtakiwa. Lakini mali iliyokwisha bila habari huacha nyuma yake minong'ono tu, na minong'ono huvunja chama upesi kuliko wizi wenyewe.

SIKU ZA RIKA NA MIFUGO

Kabla ya fedha za sarafu kuenea katika nchi hii, wazee wetu walikuwa na mali ya shirika, nao walijua kuitunza. Miongoni mwa Wakalenjin na Wamasai, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwapeleka baadhi yao kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukiingia mahali pamoja, asipoteze wote. Rafiki yule alikunywa maziwa, lakini ndama walikuwa wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, ilikuwa desturi kumpelekea mwenye mali ngozi yake, awe na ushahidi wa macho kwamba mnyama amekufa kweli, hakuuzwa.

Ngozi ile ndiyo iliyokuwa stakabadhi ya siku zile. Aliyeidai hakuonekana kuwa mtu wa shuku, wala aliyeileta hakuona amedharauliwa. Ilikuwa heshima ya pande zote mbili, kwa kuwa urafiki wao ulidumu kwa sababu hiyo.

Hali kadhalika, katika rika za Wakikuyu na za makabila mengine, aliyekabidhiwa mali ya wenzake alikaa nao kijiji kimoja. Mbuzi wa shirika walionekana wakichungwa, na aliyewachinja kwa siri alijulikana kabla jua halijachwa. Uaminifu ulilindwa na macho ya majirani, basi hapakuhitajika karatasi.

Mambo yalianza kubadilika reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, na nchi ya Bonde la Ufa ikagawanywa kuwa mashamba ya Wazungu. Maelfu ya watu walikuja kukaa katika mashamba hayo kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili wapate ruhusa ya kulima na kulisha mifugo yao. Kisha katika miaka ya 1920 ikaja ile amri ya kupunguza mifugo ambayo wazee waliiita kifagio, kwa kuwa ilifagia mbuzi na ng'ombe wao. Mali iliyoonekana kwa macho ikaondoka. Iliyobaki mikononi mwa watu ilikuwa shilingi, na shilingi haina alama sikioni wala rangi ya kuitambulisha ni ya nani.

MJINI NAKURU

Wakati huohuo mji wa Nakuru ulikuwa ukikua. Vibarua wa reli, makarani, madereva, wapishi na wafanya biashara walitoka Nyanza, Kati, Ukambani na pwani, wakakaa Bondeni na katika mitaa mingine ya Waafrika. Mtu alikuwa mbali na kwao, naye akifa, nani atamzika? Akiugua, nani atampa nauli ya kurudi nyumbani? Maswali hayo ndiyo yaliyozaa vyama vya kusaidiana.

Watu wa pwani walikuwa wametangulia katika jambo hili. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea mpaka miji ya bara, vilikuwa na vyeo vyao, na vilikusanya ada za kuwasaidia wanachama katika ugonjwa na maziko. Watu wa nje walitazama mavazi na tarumbeta, wakadhani ni mchezo tu. Nyuma ya mchezo ule palikuwa na mfuko wa fedha, na mtu mmoja aliyekabidhiwa mfuko huo.

Katika vyama vingi vya siku hizo, mfuko ulikaa chini ya kitanda cha mweka hazina. Banki ya Akiba ya Posta ilianzishwa mwaka 1910, lakini si wengi walioiamini au waliojua kuandika maombi yake. Maadamu wanachama walikuwa watu 20 wa mtaa mmoja, desturi hiyo haikudhuru sana. Walipokuwa 200, waliotawanyika toka Naivasha hadi Molo, wengi wao hawakumjua mweka hazina kwa sura. Macho ya majirani hayakufika tena kwenye mfuko, na daftari lilikuwa halijachukua mahali pake. Katika pengo hilo ndimo vyama vingi vilimozama.

MICHANGO YA ELIMU NA YA ARDHI

Historia yetu ina mifano mikubwa ya jambo hili. Mwaka 1939 Bw. Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, alifungua chuo cha walimu huko Githunguri. Chuo kile hakikujengwa kwa fedha za Serikali. Rika za Wakikuyu zilishindana kuchanga, rika hili likitaka kulipita lile, na wanawake nao wakachanga ili mabinti wapate bweni lao. Mwaka 1947 Mzee Jomo Kenyatta akawa mkuu wa chuo hicho. Mwaka 1952 Serikali ya kikoloni ikakifunga.

Waliokipinga chuo kile, Serikali miongoni mwao, walisema mara kwa mara kwamba fedha za michango hazikuandikwa ipasavyo, wala haikujulikana zilitumikaje. Hatuna haja ya kuyaamini maneno ya watu waliokuwa na sababu zao za kukichukia. Lakini yatupasa kujifunza jambo moja. Adui anapokushutumu juu ya fedha, jibu linalomnyamazisha ni daftari lililofunguliwa mbele ya watu. Sifa njema, elimu, hata kupendwa na umma, havitoshi kuwa jibu. Kwa hiyo daftari ni ngao ya mweka hazina mwaminifu. Mwizi halihitaji, mwaminifu ndiye analihitaji.

Huku kwetu, watu wa Olenguruone walipitia jaribu kama hilo. Serikali iliwaweka pale mwaka 1941, kisha ikawawekea masharti ya kilimo waliyoyakataa, kwa sababu waliiona ardhi ile kuwa yao kamili. Walichanga fedha za kuendesha mashauri yao mahakamani, mpaka walipofukuzwa karibu na mwaka 1950. Mtu aliyetoa shilingi zake pale hakutoa ziada. Alitoa bei ya mbuzi wa mwisho, akitumaini kubaki katika shamba lake. Fedha ya namna hiyo haipaswi kupotea hata senti kumi, na anayeishika hashiki fedha tu, ameshika maisha ya watu.

Kwa upande wa Nyanza, mwaka 1947 Bw. Oginga Odinga na wenzake waliandikisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, ili Wajaluo waweke akiba na kufanya biashara kwa pamoja. Njia hiyo ilitofautiana na mchango wa kawaida. Mtu hakutoa fedha na kuondoka. Alinunua hisa, akawa na haki ya kuuliza faida iko wapi na hasara imetoka wapi. Hapo mchangaji aligeuka kuwa mwenye mali.

SHERIA YAINGIA

Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1945 iliwafungulia Waafrika njia ya kuandikisha vyama vyao vya kuuza mazao na kuweka akiba, na pamoja na uandikishaji huo yakaja masharti ya kuandika na kukagua hesabu. Wengi walinung'unika kwamba wakaguzi wanawaingilia. Hata hivyo, mkulima asiyejua kusoma alipata mtu wa kumsomea daftari la chama chake.

Mwaka 1952 ikatungwa sheria ya kuandikisha vyama vya kila namna. Mwaka huohuo, tarehe 20 Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa. Ni wazi kwamba Serikali ile haikuwa na huruma kwa wajane na mayatima wa wanachama. Ilitaka kujua nani anakutana na nani, na kwa sababu gani. Vyama vikajifunza kuandika daftari kwa ajili ya polisi, si kwa ajili ya wenyewe. Huenda mazoea mabaya ya kuificha hesabu yalitiwa nguvu siku zile, kwa kuwa karatasi ingeweza kumpeleka mtu kizuizini.

Baada ya uhuru, Sheria ya Vyama ya mwaka 1968 iliweka masharti ambayo hata leo yafaa kila mwanachama ayajue. Chama kilichoandikishwa sharti kiwe na vitabu vya hesabu. Sharti kifanye mkutano mkuu angalau mara moja kila mwaka, na wanachama wote waalikwe. Katika mkutano huo sharti hesabu kamili ya fedha zilizoingia na zilizotoka itolewe. Kisha taarifa ya kila mwaka ipelekwe kwa Msajili wa Vyama. Kwa hiyo mwanachama anayesimama mkutanoni na kuuliza, “Fedha za maziko zilikuwa ngapi, na zimebaki ngapi?” haombi hisani. Anadai haki yake.

STAKABADHI ZA MASHAMBA

Jaribu kubwa kuliko yote katika jimbo hili lilikuja na mashamba. Wazungu walipoanza kuuza mashamba yao miaka ya 1960, watu wenye uwezo mdogo walijiunga pamoja katika vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi. Wilaya ya Nakuru ilikuwa na makampuni mengi ya namna hiyo. Ngwataniro na Ndeffo ni majina ambayo wazee wetu hawayasahau. Ndeffo ilikuwa ya wapigania uhuru wa wilaya hii.

Wema wa makampuni hayo usikanushwe. Maelfu ya jamaa zilizokuwa za maskwota na vibarua zilipata mahali pa kujenga na kuzika wafu wao. Lakini hapa tena watu waliongezeka upesi kuliko daftari. Mtu alilipa hisa zake kidogo kidogo, akapewa stakabadhi, akaihifadhi katika sanduku. Mahali pengine orodha ya wanachama ilirefuka hata ekari zisiwatoshe. Mahali pengine kipande kimoja kilionyeshwa kwa watu wawili. Wako waliokaa miaka mingi wakiwa na stakabadhi bila hati ya ardhi, na wako waliofariki wakiwaachia watoto wao karatasi ile iliyokunjika, pamoja na kesi isiyokwisha. Katika miaka ya 1980 Serikali iliagiza makampuni hayo yagawe ardhi kwa wanachama na kufungwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi maswali yalinyamazishwa kwa heshima. Mwenye kiti alikuwa mtu mkubwa; aliyemuuliza hesabu aliambiwa hana adabu, au ni adui wa umoja. Wazee waliodai ngozi ya ng'ombe wao bila haya walizaa wana walioona haya kudai hesabu ya shamba.

Kisha mwaka 1980 Rais Daniel arap Moi aliagiza vyama vikubwa vya kikabila vivunjwe, miongoni mwao GEMA, iliyoundwa mwaka 1971, na Luo Union. Hata timu za mpira zilibadili majina. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Kuvunjwa kwa chama ni mtihani wa mwisho wa hesabu zake. Mali yote hupaswa kuhesabiwa, na kila mtu hutaka kujua fungu lake. Chama kisichoandika wakati wa amani hakiwezi kuanza kuandika siku ya kuvunjwa.

VIJANA WETU VYUONI

Pale Njoro kuna chuo kilichoanzishwa na Lord Egerton mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kujifunza ukulima. Baada ya mwaka 1958 kilifungua milango kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1987 kikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Wana wetu wanaosoma huko na katika vyuo vingine wana vyama vyao vya wanafunzi na vya watu wa wilaya moja. Hutoza ada, huchangia mwenzao aliyefiwa, huandaa safari na karamu za kuagana. Kwa kweli wanafanya yaleyale yaliyofanywa Bondeni na babu zao.

Lakini vyama vya wanafunzi vina udhaifu wa pekee: viongozi wake huondoka kila mwaka. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka mipaka ya vipindi vya viongozi wa wanafunzi, na hilo ni jema. Hata hivyo, mweka hazina anayemaliza masomo aweza kuondoka na daftari ndani ya sanduku lake, na anayemfuata akaanza na ukurasa mtupu.

Marekani wamelijua tatizo hilo kwa muda mrefu. Vyuo vya huko vina vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, na vya kike vilevile. Watu weusi wa nchi hiyo walianzisha vyao, kama Alpha Phi Alpha katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, na Alpha Kappa Alpha katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Matawi ya vyuoni huendeshwa na vijana wanaopita, lakini juu yao kuna chama kikuu kisichomaliza masomo, na wazee waliohitimu zamani hubaki kuwa wanachama. Tena sheria ya huko huvitaka vyama vya namna hiyo, vilivyosamehewa kodi, vipeleke taarifa ya kila mwaka kwa idara ya kodi. Na taarifa hizo mtu yeyote aweza kuziomba akazisoma. Hayo hayakuondoa wizi wote, maana hakuna sheria iondoayo tamaa. Yameufanya wizi uwe mgumu kufichika.

Hapa wazee wana kazi. Vijana hawahitaji mahubiri juu ya uaminifu. Wanahitaji mzee mmoja au wawili waliohitimu, ambao kila mwaka watapokea daftari kwa mkono wa anayeondoka na kulikabidhi kwa anayeingia, mbele ya mashahidi.

YANAYOTUPASA

Mtu aweza kusema kwamba siku hizi kuna wakaguzi wa hesabu, kwa hiyo hatari imekwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 nchi nzima ilisikia habari za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo vya Kenya. Ukaguzi uliofanywa na kampuni ya PwC ulionyesha pengo la karibu shilingi bilioni 13.3, na ikaelezwa kwamba hesabu zilikuwa zimetiwa sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Muhuri ulikuwapo, na sahihi ilikuwapo. Aliyekosekana ni mwanachama wa kuuliza, “Mkaguzi huyu ni nani, na yuko wapi?”

Hatari nyingine imeingia kwa mlango wa raha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, michango ya maziko na ya karo hupelekwa kwa simu kwa muda mfupi sana. Ni baraka kubwa. Lakini mara nyingi namba inayotumika ni ya mweka hazina mwenyewe, na fedha ya chama huchanganyika na ya unga wa nyumbani kwake. Mtu huyo akifariki ghafula, fedha iliyo katika simu yake huhesabiwa pamoja na mali yake, na chama hulazimika kwenda kwa mjane aliye katika matanga kudai kisichoandikwa popote. Ni aibu kwa chama, na ni ukatili kwa mjane.

Kwa hiyo twawaomba wazee na wanachama wayafikirie haya kabla ya mkutano mkuu. Fedha zote za chama ziingie katika akaunti yenye jina la chama, wala zisipitie mfukoni au simuni mwa mtu. Asitoe fedha mtu mmoja. Sahihi ziwe tatu, na wenye sahihi wasiwe wa nyumba moja. Kila mchango, hata wa shilingi hamsini, uwe na stakabadhi. Wakaguzi wawili wachaguliwe na mkutano miongoni mwa wanachama wasio katika halmashauri. Hesabu isomwe kwa sauti kila miezi mitatu, kwa lugha ambayo mzee asiyesoma ataielewa. Na kiongozi anapoondoka, akabidhi vitabu siku ileile, mbele ya watu, kisha apewe barua ya kumshukuru na kumtoa katika lawama.

Hilo la mwisho lisichukuliwe kuwa dogo. Wako waliokuwa waaminifu katika vyama vya jimbo hili, walioshika fedha za wenzao miaka mingi bila kugusa senti, nao wakamaliza siku zao wakisengenywa kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuwatetea. Tumewadhulumu watu hao kama vile wezi walivyowadhulumu wajane.

Basi, ndugu, kurasa za hesabu za mwaka huu zikisomwa mkutanoni, tuzifuate mstari kwa mstari. Asiyesoma amwite mjukuu wake amsomee. Penye jambo lisiloeleweka, mwanachama asimame aulize, na halmashauri ijibu bila hasira. Babu zetu waliuliza ngozi i wapi, nao waliendelea kuwa marafiki.